MAZIWA YA NG'OMBE TUNAYALINDA, YA MAMA TUNAYAMWAGA



Mmezoea kusoma hapa habari za malisho, chanjo na bei ya pumba. Leo pia nazungumzia maziwa, ila si ya ng'ombe. Nazungumzia maziwa ambayo mama anayakamua na kumwachia mtoto nyumbani anapokwenda kazini, sokoni au shambani. Na leo sitaongea kwa upole mliouzoea. Jambo hili nimelinyamazia muda mrefu, na kunyamaza kwangu hakujamsaidia mtoto hata mmoja.

Kila mwaka mwanzoni mwa Agosti sisi maafisa ugani wa kanda yetu tunakuwa Morogoro kwenye viwanja vya Nane Nane. Watu wanapanga foleni bandani. Maziwa yapoozwe vipi? Keni ioshwe na nini? Mbona yangu yalikataliwa kituoni? Tunajibu mpaka sauti zinakauka. Sasa angalia kalenda: tarehe 1 hadi 7 Agosti, siku hizo hizo, ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Miaka yote niliyosimama kwenye banda lile nimeulizwa habari za maziwa ya mama mara moja tu.

Aliyeuliza alikuwa binti mmoja amembeba mtoto mgongoni. Alisubiri watu wapungue, akanisogelea pembeni.

"Dada, samahani. Wiki ijayo narudi kazini. Mtoto ana miezi mitatu na sina friji. Nimeambiwa nimwanzishie ya kopo."

"Nani kakuambia, mdogo wangu?"

"Kila mtu."

Leo namjibu huyo Kila Mtu. Ninachosema ni hiki: mama asiye na friji anaweza kumwachia mtoto maziwa yake salama. Kinachomkwamisha ni sisi tunaomzunguka, sisi tunaoyaheshimu maziwa yakiwa na bei na kuyadharau yakiwa ya bure.

Yaliyonikuta mwenyewe

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nikiwa kwenye kata moja wilayani Muheza. Baada ya siku 84 nilirudi kazini. Kila asubuhi nilikuwa kituo cha kukusanyia maziwa. Naweka laktomita, napima kwa spiriti, nanusa keni moja baada ya nyingine. Mfugaji aliyechelewa nilimrudisha. Aliyeleta maziwa kwenye dumu lililowahi kuwa na mafuta ya kula nilimrudisha pia, hata akilalamika vipi.

Nyumbani nilikuwa nimeacha kikombe cha maziwa yangu, nimekifunika kwa kisahani. Mama mkwe wangu, mtu mwema ninayemheshimu mpaka leo, alikuwa anayamwaga kila siku kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Kisha anampa mjukuu wake maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji.

Wiki tatu sikujua. Nilijua mtoto alipoharisha mpaka macho yakaingia ndani, tukalazwa siku nne. Na maziwa yale ya ng'ombe yalitoka kituoni kwangu. Niliyapima mimi mwenyewe, yakafaulu.

Nilipomuuliza mama mkwe, hakuficha. "Mwanangu, maziwa yakishatoka mwilini yakakaa, hayo ni kiporo. Ningempaje mtoto mchanga kiporo?"

Sikuwa na la kumlaumu. Nilikuwa nimefundisha kata nzima kutunza maziwa, na mtu niliyemwachia mtoto wangu sikumfundisha chochote. Kikombe na kisahani, basi. Hata mfugaji anayeanza na ng'ombe mmoja nilimpa maelezo zaidi ya hayo.

Sababu tatu zinazotolewa

*Ya kwanza: "Maziwa yaliyokamuliwa ni kiporo."*

Wazee wanaosema hivi hawajakurupuka. Wameishi na maziwa ya ng'ombe. Wanajua yaliyokamuliwa alfajiri Muheza yasipopoozwa, mchana yamechacha. Kwa hiyo wanadhani ya mama yatafanya vivyo hivyo, au vibaya zaidi.

Lakini maziwa ya mama yana ulinzi ndani yake: kingamwili, chembe hai na protini zinazozuia bakteria wasizaliane haraka. Ndiyo maana yakikamuliwa kwa mikono safi na kuwekwa kwenye chombo safi yanavumilia masaa kadhaa nje ya friji. Ulinzi huo una mwisho, na masaa yake nitayataja hapa chini.

Jambo lingine linalowatisha watu ni sura yake. Maziwa ya mama yakitulia yanajitenga: mafuta yanapanda juu, chini yanabaki mepesi yenye rangi kama ya buluu. Bibi akiona hivyo anasema yamekatika. Hayajakatika. Zungusha chombo taratibu, yatachanganyika. Na ukiona yanayotoka mwanzo wa kukamua ni mepesi na ya mwisho ni mazito, ni kawaida, mtoto anahitaji yote mawili. Yaliyoharibika kweli yana harufu kali ya uchachu, na ukiyazungusha hayarudi kuwa kitu kimoja. Hayo mwaga.

Wapo pia wanaosema mama aliyeshinda juani maziwa yake yamechacha kifuani. Hakuna kitu kama hicho. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Mama aliyetoka kupalilia anywe maji, anawe mikono, apumue kidogo, anyonyeshe.

*Ya pili: "Bila friji haiwezekani."*

Hii inaniudhi zaidi, kwa sababu mara nyingi inatoka kwetu sisi wataalamu. Tunanakili maelezo ya nchi ambazo kila nyumba ina friji, tunamsomea mama wa Mkinga au wa Korogwe, kisha tunamwangalia usoni kana kwamba yeye ndiye tatizo. Mama anatoka hapo na jambo moja kichwani: hili ni la wenye uwezo.

Hivi sisi tunamwambia mfugaji asiye na tangi la kupoozea aache kufuga? Tunamwambia awahi kituoni, aweke keni kivulini, aizungushie gunia bichi. Tunatafuta njia inayolingana na alicho nacho. Kwa nini mama tusimtafutie?

*Ya tatu: "Ya kopo ni salama zaidi."*

Hapa nataka usome taratibu. Maziwa ya unga ya kopo yakishachanganywa na maji, yasipowekwa kwenye friji yanatakiwa yatumike ndani ya masaa 2. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa usafi yanakaa masaa 4 kwenye chumba kisicho na joto kali. Sasa nani anayehitaji friji zaidi?

Na unga wenyewe haujauliwa vijidudu vyote kama watu wanavyodhani. Unahitaji maji yaliyochemshwa, kipimo sahihi, na vyombo vinavyochemshwa kila mara. Ukiisha kabla ya mshahara, kipimo kinapunguzwa, maji yanaongezwa. Mtoto anashiba maji. Nimeona nyumba ambazo kopo la wiki moja linafikishwa wiki tatu, na mama anashangaa kwa nini uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi.

Maziwa ya ng'ombe kwa mtoto wa chini ya miezi sita ndiyo kabisa yasiguswe. Protini na chumvi zake ni nyingi kuliko figo changa zinavyoweza kubeba, na madini ya chuma ni kidogo. Nayasema haya nikiwa afisa mifugo ninayekula mshahara kwa ajili ya ng'ombe.

Sisemi kopo lipigwe marufuku. Wako watoto wanaolihitaji kwa ushauri wa daktari: mama amefariki, mama anatumia dawa fulani, mtoto ana hali ya pekee. Ninachopinga ni kumsukumia kopo mama mwenye maziwa yake kwa sababu tu hatukutaka kumfundisha kuyatunza.

Namna ya kukamua na kutunza

Sasa tufanye kazi. Bandika hii ukutani, msomee na anayebaki na mtoto.

1. Chombo. Tumia cha kioo, cha chuma kisichopata kutu, au cha plastiki ngumu ya chakula. Kiwe na mdomo mpana na mfuniko unaobana. Chupa ya jemu yenye mfuniko mzima inafaa sana. Usitumie chupa ya soda au ya maji, shingo yake haisafishiki. Na chombo kilichowahi kubeba dawa ya mifugo au ya mimea kisitumike hata kikichemshwa mara kumi. Nakariri: hata mara kumi.

2. Usafi wa chombo. Osha kwa sabuni na maji safi, suuza, kisha chemsha kikiwa kimefunikwa na maji. Kiache kikauke chenyewe, usikifute kwa kanga au kitambaa cha vyombo.

3. Mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Titi halihitaji sabuni kila mara, kuoga kwa kawaida kunatosha, sabuni nyingi inakausha chuchu. Na wafugaji wenzangu, hapa msichanganye mambo: kwa ng'ombe tunamwaga michirizi ya kwanza kwenye kikombe cha kukagulia kiwele. Kwa mama hakuna cha kumwaga, tangu tone la kwanza ni chakula.

4. Kukamua. Kaa umetulia. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini, pembeni ya eneo jeusi linalozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na kuachia, bana na kuachia. Usivute chuchu na usisugue ngozi, ukiumia ujue unakosea. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia la pili, rudi tena la kwanza. Kwa jumla dakika 20 hadi 30. Siku za mwanzo yatatoka matone tu. Usikate tamaa, anza mazoezi wiki mbili kabla ya kurudi kazini.

5. Kiasi. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu hutumia wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, mchana na usiku. Kwa hiyo ukiondoka masaa 8 unahitaji karibu robo lita au zaidi kidogo. Weka kwa mafungu madogo ya mililita 60 hadi 100, chombo kimoja mlo mmoja, ili yasibaki.

6. Andika saa. Kipande cha plasta na kalamu. Andika saa uliyokamua, siyo saa uliyoondoka nyumbani. Kituoni hatupokei keni bila kujua imekamuliwa lini, na nyumbani iwe hivyo.

7. Kupasha. Maziwa ya mama hayachemshwi, ukiyachemsha unaua ule ulinzi niliosema. Weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache. Usitumie maikrowevu, inapasha kwa mabaka na inaweza kumuunguza mtoto mdomo. Kama mtoto anakubali yakiwa ya joto la chumba, usipashe kabisa.

8. Kunywesha. Tumia kikombe kidogo kisicho na pembe. Mkalishe mtoto wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, mwache afyonze mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie. Hata mtoto mchanga anaweza. Chupa ya kunyonyea ina nyonyo yenye kona ambazo maziwa yanaganda na kuoza, kikombe unakiona chote kwa jicho.

9. Mabaki. Yaliyogusa mdomo wa mtoto yakibaki, yatumike ndani ya masaa 2. Baada ya hapo ndipo umwagie mgomba.

Ni masaa mangapi hasa?

Hapa ndipo kwenye ubishi. Mmoja ameambiwa masaa 4, mwingine 6, mwingine 8. Wote hawajadanganywa. Masaa ni mengi pale penye baridi na usafi wa hali ya juu, ni machache pale penye joto. Lushoto mwezi wa saba si Muheza mwezi wa pili.

Mimi nafundisha nne tatu, kwa sababu hazisahauliki: masaa 4 nje, siku 4 kwenye friji yenye nyuzi 4.

Masaa 4 hayo ni kwa chumba chenye nyuzi 25 au chini yake. Weka chombo kimefunikwa, mahali penye kivuli na ubaridi kuliko pote: sakafuni kwenye kona isiyofikiwa na jua, ndani ya beseni la maji baridi, mbali na jiko na mbali na bati. Nyumba za baridi kama za Lushoto, na usafi ukiwa wa uhakika, masaa 6 yanakubalika. Ila nyumba ikiwa jiko lenyewe, joto limepita nyuzi 30, usitegemee saa, tegemea barafu.

Barafu ipo. Nyumba yako haina friji, lakini mtaa una mtu anayeuza barafu za mifukoni. Nunua mbili tatu, weka kwenye deli dogo au boksi lolote linalotunza ubaridi, chombo cha maziwa kigusane na barafu, funga. Barafu ikibaki imeganda, maziwa yanaweza kukaa humo hata masaa 24. Barafu ikiisha kuwa maji, hesabu ya chumba inaanza.

Wale wa ule mtungi wa udongo ndani ya mtungi wenye mchanga mbichi, ambao tunaufundisha kwa nyanya na mchicha: unafanya kazi vizuri Dodoma kwenye hewa kavu. Tanga na Pwani hewa ina unyevu, mtungi haupozi vya kutosha. Usiuhesabie masaa ya ziada.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka maziwa ya vuguvugu kwenye chupa ya chai ili "yasipoe". Ile ni nyumba ya kuzalishia bakteria. Uji huo wa wakubwa kwenye chupa ya chai sawa, maziwa ya mtoto hapana.

Kwa wenye friji: weka ndani kabisa nyuma, siyo mlangoni. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri yanakaa vizuri miezi 6. Ukiyayeyusha, yatumike ndani ya masaa 24 kwenye friji, au ndani ya masaa 2 ukiyatoa nje, na usiyagandishe tena. Umeme ukikatika, usifungue fungue mlango. Ukirudi ukakuta bado yana vipande vya barafu, yanaweza kugandishwa. Yakishayeyuka yote, hesabu kama yaliyoyeyushwa.

Mtoto aliyezaliwa njiti au anayeumwa ana masharti yake makali zaidi, fuata maelekezo ya hospitali, siyo ya kwangu. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI azungumze na kliniki yake, wengi walio kwenye dawa wananyonyesha vizuri. Na maziwa ya mama mwingine asipewe mtoto bila ushauri wa mtaalamu, hata kama ni shoga yako wa damu.

Siku ya kazi bila friji

Watu wananiambia, "Dada, nadharia nzuri, lakini siku ina masaa mengi kuliko manne." Basi tuhesabu pamoja.

Saa 11:45 alfajiri mama anakamua. Saa 12:45 anamnyonyesha mtoto, saa 1 anaondoka. Saa 3 asubuhi mtoto anapewa mlo wa maziwa yaliyokamuliwa. Yana masaa matatu na ushee, yako ndani ya muda, na alfajiri hata Muheza ina ubaridi. Saa 6 mchana mama anarudi, au mtoto analetwa kazini. Ananyonya moja kwa moja. Mama anakamua tena saa 6:30, safari hii na barafu kwa sababu ni mchana. Saa 8:30 mtoto anapata mlo wa pili. Saa 10 mama yuko nyumbani.

Hakuna friji hapo. Hakuna kopo. Kuna chupa mbili za jemu, barafu ya shilingi chache, na mtu wa nyumbani anayejua kusoma saa.

Lakini tazama hesabu hiyo inasimama juu ya nini. Inasimama juu ya saa 6 mchana. Ukiiondoa ile saa 6, kila kitu kinaanguka.

Ile saa 6 si hisani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto saa za kazi, hadi masaa mawili kwa siku. Jirani zetu Kenya wamekwenda mbele: Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge sehemu ya mama kunyonyesha na kukamulia.

Masaa mawili hayo ndiyo friji ya asiye na friji. Na ndiyo tunayoyaogopa kuyaomba. Nilipoomba mimi, mkubwa wangu wa wakati ule alicheka mbele ya wenzangu, akasema na yeye basi apewe masaa mawili ya kunywa chai. Siku nilizoshindwa kwenda nyumbani, nilikamulia chooni, mlango hauna komeo, ndoo ya maji machafu pembeni. Nilikuwa namwaga, maana sikuthubutu kumpa mtoto maziwa ya mahali pale.

Wafugaji, niambieni. Nani kati yenu anamkamulia ng'ombe chooni? Mkaguzi akikuta hivyo, kituo si kitafungwa? Mama akifanya hivyo ofisini, tunasema "ameamua kujisitiri".

Mwajiri anayesema hana chumba, ana stoo. Fagia kona, weka kiti, pazia, beseni la kunawia na sabuni. Gharama yake haifiki tairi moja la pikipiki. Hasara ya mama anayeomba ruhusa kila wiki kwa kuuguza mtoto wa kuharisha ni kubwa kuliko hiyo.

Na kina baba msijifiche nyuma ya mwajiri. Wewe ndiye unayejua bei ya lita moja kituoni na hujui mkeo ameacha maziwa mangapi mezani. Barafu unaweza kuinunua wewe. Chombo unaweza kukichemsha wewe. Kumweleza mama yako kwamba maziwa yale si kiporo ni kazi yako hasa, kwa maana maneno yale yakitoka kwa mkwe yanaonekana utovu wa adabu.

Kabla hujaondoka nyumbani

Mtoto wangu wa pili nilifanya tofauti. Wiki mbili kabla ya kurudi kazini nilikaa na mama mkwe jikoni. Nilikamua mbele yake. Tukayaacha kwenye chupa ya jemu kwenye kona ya baridi, tukaandika saa. Baada ya masaa matatu tukafungua pamoja. Nikamwambia, "Mama, nusa." Akanusa. Nikamwambia, "Onja." Akaonja tone kwenye kidole, akanyamaza. Kisha akachukua kikombe, akamnywesha mjukuu wake yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa mkali wa saa kuliko mimi. Nikichelewa ile saa 6 nilimkuta mlangoni na mtoto begani, ananiuliza nilikuwa wapi.

Kwa hiyo usiache kikombe na kisahani kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Kaa na bibi, kaa na dada wa kazi, wanuse, waonje, wazoee. Mweleze mwajiri kwa barua, kwa heshima, ukitaja kifungu. Na wewe afisa mwenzangu unayesoma hapa, ukienda kufundisha usafi wa keni, ongeza dakika kumi za chupa ya jemu. Wale akina mama wameshakaa mbele yako tayari.

Yule binti wa Nane Nane nilimwandikia hesabu ile ya saa nyuma ya kipeperushi cha malisho. Akakikunja, akakiweka kwenye kadi ya kliniki.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kuku: chanjo ya kideri, na kwa nini inashindwa ukiitunza vibaya. Tukutane.